Jani linapoanguka mtoni Keringet: Wanaokula na wanaoliwa katika vijito vya Mau

KERINGET, mji mdogo ulioko Kuresoi Kusini katika Kaunti ya Nakuru, ni jina ambalo Wakenya wengi walilifahamu kwanza kwenye kibandiko cha chupa ya maji.

Wenyeji wanaufahamu kwa mengine: baridi kali ya alfajiri, mashamba ya viazi na chai, ng'ombe wa maziwa, na vijito vingi vinavyochirizika kutoka msitu wa Mau. Vijito hivyo ni vyembamba kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kuruka baadhi yake bila kulowa. Hata hivyo, ndivyo vinavyojaza mito mikubwa na maziwa ya nyanda za chini.

Mau ni paa la maji ya sehemu hii ya nchi. Upande wa magharibi, mito ya Itare na Kipsonoi hupeleka maji yake katika mto Sondu, ambao huingia Ziwa Victoria. Kusini, Nyangores na Amala huungana kuwa mto Mara. Mashariki, mto Njoro huteremka hadi Ziwa Nakuru, nao mto Molo hushika njia ya kaskazini kuelekea Ziwa Baringo.

Anayeinama na kupindua jiwe katika kijito kimoja cha msituni huwaona wadudu wadogo waking'ang'ania upande wa chini, wengine wamejijengea vibanda vya mchanga na vijiti, na mara nyingine kaa mmoja akitorokea gizani. Swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu ni rahisi kulitamka: viumbe hao wanakula nini? Kijito kimefunikwa na kivuli cha miti. Jua halifiki vizuri majini, kwa hivyo mwani, ambao ndio majani ya malisho ya majini, hauwezi kustawi.

Jibu limo juu ya kichwa cha anayeuliza. Kijito cha msituni hulishwa na miti. Jani likianguka majini, siku za kwanza hupoteza sukari na chumvi zake kama majani chai yanavyofanya katika birika. Kisha kuvu na bakteria hulivamia na kulilainisha. Baada ya hapo huja wadudu wapasuaji, ambao hulitafuna na kuliacha mishipa mitupu. Mabaki na vinyesi vyao huchukuliwa na maji na kuwa chakula cha kundi jingine, wachujaji, wakiwemo mabuu ya inzi wadogo weusi ambao hujishikiza kwenye mawe na kukinga chembe zinazopita. Mabuu ya kereng'ende huwawinda wote hao, na samaki humwinda kereng'ende.

Huo ndio mtandao wa chakula. Vitabu vya shule hupenda kuuchora kama mnyororo wenye pete moja baada ya nyingine, lakini mtoni hali haiko hivyo. Kaa yule yule hula jani lililooza asubuhi, akala mdudu jioni, na usiku akaliwa na fisi maji.

Hapo ndipo mabishano ya kitaalamu yalipoanzia. Kanuni nyingi za elimu ya mito zilitungwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako majani huanguka kwa pamoja kabla ya majira ya baridi na wapasuaji huwa wengi. Mwaka wa 2002, Mark Dobson pamoja na wenzake Adiel Magana, Jude Mathooko na Ndegwa walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijito vya nyanda za juu za Kenya. Waliwatafuta wapasuaji na kuwapata wachache mno. Ikaonekana kwamba mito ya tropiki huenda inaozesha majani yake kwa nguvu za kuvu na bakteria peke yao, kwa kuwa maji yake ni ya vuguvugu.

Hoja hiyo haikukaa bila kupingwa. Miaka 12 baadaye, mwaka wa 2014, Frank Masese na wenzake walitangaza matokeo tofauti kutoka vijito vya juu vya mto Mara, katika safu hii hii ya Mau. Badala ya kuwapanga wadudu kwa kufuata vitabu vya ng'ambo, waliwapasua na kutazama kwa hadubini kilichokuwamo matumboni. Wadudu ambao jamaa zao wa Ulaya hujulikana kwa chakula cha aina nyingine walikutwa wamejaa vipande vya majani. Wapasuaji walikuwepo tangu awali, ila hawakuwa wametambuliwa.

Kaa wa maji baridi nao walikuwa wamepunjwa katika hesabu. Ni wachache kwa idadi, hujificha, na wavu mdogo wa kukusanyia wadudu huwakosa kwa urahisi. Lakini kwa uzito, kaa mmoja ni sawa na wadudu mamia kadhaa. Anayehesabu vichwa bila kupima uzito huondoka na picha isiyo kamili ya nani hasa anayekula majani ya Mau. Ni funzo linalostahili kuzingatiwa na wengi wanaosoma mazingira ya Afrika kwa vipimo vilivyobuniwa kwingine.

Vifaa vya kazi hii si vya kutisha. Kimojawapo ni mfuko wa wavu. Mtafiti hukausha majani, huyapima uzito, huyatia mfukoni na kuyafunga mtoni. Mifuko mingine huwa na matundu makubwa yanayoruhusu wadudu kuingia; mingine ina matundu madogo yanayoruhusu kuvu na bakteria tu. Baada ya wiki kadhaa mifuko hutolewa na majani kupimwa tena. Tofauti ya uzito kati ya mifuko ya aina hizo mbili huonyesha sehemu iliyoliwa na wadudu. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kimeutumia mto unaopita karibu nacho kwa utafiti wa aina hii kwa miaka mingi, na wanafunzi wengi wamepata shahada zao wakiwa wamesimama katika maji yake hadi magotini.

Njia ya pili huhitaji maabara ya kisasa zaidi. Kaboni iliyomo katika miili ya viumbe huwa ya aina mbili thabiti, moja nzito kidogo kuliko nyenzake. Miti ya msituni huikwepa kaboni nzito inapotengeneza chakula chake. Nyasi za malisho, mahindi na miwa haiikwepi sana. Hivyo, mdudu aliyekula jani la mti na mdudu aliyekula mabaki ya nyasi hutofautiana mwilini hata kama wanaishi chini ya jiwe moja. Naitrojeni nayo ina aina yake nzito, ambayo huongezeka kila mara kiumbe kimoja kinapokila kingine. Kwa vipimo hivyo viwili, mtafiti huweza kujua chakula cha samaki kilitoka msituni au malishoni, na samaki huyo yuko ngazi ya ngapi kutoka kwa mmea wa kwanza.

Vipimo hivyo vilipotumika katika bonde la Mara, na matokeo kuchapishwa mwaka wa 2015, ilionekana kwamba katika vijito vya msituni viumbe hutegemea zaidi kaboni ya miti na mwani, lakini kadiri mto unavyoteremka kuingia maeneo ya mifugo na viboko, alama ya nyasi huzidi kujitokeza. Nyasi hazijitembezi hadi mtoni, bila shaka. Hubebwa tumboni na wanyama.

Katika Keringet na viunga vyake, mnyama huyo ni ng'ombe. Anapoingia kunywa huacha kinyesi na mkojo majini, na kwato zake hubomoa kingo. Ng'ombe mmoja hukaa mtoni dakika chache tu, lakini makundi hufika kila siku, mwaka mzima, mahali pale pale. Kwa kuwa hucheua, samadi yake ni laini na virutubishi vyake huyeyuka upesi. Kijito ambacho kwa karne nyingi kililishwa majani makavu polepole hujikuta kikimiminiwa mbolea.

Hapa yafaa kueleza mzunguko wa virutubishi, maana mara nyingi hufikiriwa kuwa ni jambo la shambani pekee. Naitrojeni na fosforasi humezwa na kuvu, kuvu huliwa na mdudu, mdudu hufa au hujisaidia, na virutubishi hurudi majini. Ingekuwa bwawani, duara lingekuwa limekamilika. Mtoni maji hayasimami, kwa hiyo kila duara hufungwa hatua kadhaa chini ya pale lilipoanzia, mithili ya gurudumu linalobingirika mteremkoni. Kijito chenye afya hulibingirisha gurudumu hilo polepole: chembe moja ya fosforasi hutumiwa na viumbe wengi kabla ya kufika ziwani. Kijito kilichovuliwa miti na kujazwa tope huipitisha kama mfereji wa barabarani.

Mabadiliko ya ardhi katika Mau yanajulikana. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa maelfu ya hekta za msitu huo katika hifadhi ili watu wapewe makao, zikiwemo sehemu za Mau ya Kusini Magharibi. Jopo lililoundwa na serikali lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2009 kwamba zaidi ya hekta 107,000, yaani takriban robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea katika muda wa miongo miwili. Kufurushwa kwa walowezi kulikofuata kulizua siasa kali ambazo hazijasahaulika. Familia nyingi zilikuwa na hati mkononi na mazao shambani, na kwao mjadala wa wadudu wa mtoni ulikuwa mbali sana na swali la mahali pa kulala.

Athari za mabadiliko hayo majini zimepimwa. Watafiti wakiwemo Suzanne Jacobs wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, na Mariana Rufino, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliweka vifaa katika mabonde matatu ya mto Sondu yanayotoka Mau: moja la msitu wa asili, moja la mashamba madogo ya wakulima, na moja la mashamba makubwa ya chai na miti. Vifaa hivyo vilipima maji mchana na usiku, jua na mvua, kila baada ya dakika chache. Naitreti ilikuwa chini kabisa katika maji ya msitu na juu zaidi katika maji ya mashamba ya chai, ambako mbolea hutumika kwa wingi.

Kwa upande wa udongo, mambo yalikuwa kinyume. Bonde la wakulima wadogo lilipoteza zaidi ya tani 130 za udongo kwa kila kilomita mraba kwa mwaka, kama wastani. Bonde la chai lilipoteza tani zipatazo 42, na msitu tani 21 au 22 tu. Barabara za udongo na vijia vya mifugo vinavyoelekea mtoni ni miongoni mwa njia kuu za tope hilo.

Jambo lililowashangaza wengi zaidi lilichapishwa mwaka wa 2020. Kilo moja ya tope lililotoka msituni ilikuwa na virutubishi vingi kuliko kilo moja ya tope lililotoka mashambani, katika baadhi ya vipimo hadi mara 3. Mtu angetarajia shamba lenye mbolea litoe tope lenye rutuba. Maelezo ya watafiti ni kwamba udongo wa mashamba hayo umekwisha kudhoofika: kila mwaka mvua huchukua kilicho bora, na kinachobaki ni hafifu. Mkulima wa viazi wa Kuresoi anayelalamika kwamba mfuko mmoja wa mbolea hautoshi tena anaeleza jambo lile lile kwa lugha ya mfuko wake wa fedha.

Kuna pia suala la mikaratusi. Mti huo hukua haraka, huuzwa kwa bei nzuri kama nguzo na kuni, na wakulima wengi waliupanda hadi ukingoni mwa maji. Mwaka wa 2009, wakati wa ukame, waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe, hasa kwa sababu ya maji mengi inayofyonza. Lakini kwa wakazi wa mtoni tatizo halikomei hapo. Jani la mkaratusi ni gumu, lina mafuta makali na naitrojeni kidogo, hivyo wadudu wengi hulikwepa hadi kuvu ziwe zimelishughulikia kwa muda mrefu. Ukingo uliopandwa mkaratusi pekee unaweza kuonekana wa kijani kibichi, huku wapasuaji chini yake wakiwa na njaa.

Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka wa 2007 zilitaka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingoni uachwe bila kulimwa, kwa kutegemea upana wa mto. Kwa mwenye shamba la robo ekari linaloishia mtoni, mita 6 si kitu kidogo. Hata hivyo ni ukanda huo mwembamba unaotia kivuli maji, hudondosha majani na kukinga tope, na ndipo bakteria wa udongo wenye unyevu huigeuza naitreti kuwa gesi na kuirudisha hewani kabla haijafika majini.

Anayefuata maji hadi nyanda za chini hukuta mambo yale yale kwa kipimo cha kushangaza. Katika mto Mara na vijito vyake upande wa Kenya wanaishi viboko zaidi ya 4,000. Hula nyasi usiku na kushinda majini mchana, na kwa hesabu ya watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao, huingiza mtoni takriban kilo 8,500 za mabaki ya mimea kila siku. Tofauti na ng'ombe, kiboko hacheui; kinyesi chake ni cha nyuzi nyuzi na hurundikana katika sakafu ya madimbwi. Wakati wa kiangazi bakteria humaliza oksijeni yote chini ya madimbwi hayo. Mvua inaponyesha ghafla juu milimani, mafuriko huzoa uchafu huo wote na kuupeleka chini.

Katika muda wa miaka 3, watafiti hao walinakili mafuriko 49 yaliyopunguza oksijeni mtoni, na 13 kati yake yaliishusha hadi kiwango cha hatari. Mara 4 katika miaka 5 samaki walikufa kwa wingi. Kabla ya ripoti hiyo ya mwaka wa 2018, vifo vya samaki wa Mara vilikuwa vikihusishwa zaidi na dawa za mashambani. Haina maana kwamba dawa hazina lawama mahali popote, lakini safari hii mtuhumiwa alikuwa ni mfumo wa asili wenyewe, ukichochewa na mafuriko.

Nyumbu nao huchangia. Kila mwaka wanapovuka Mara hufa maji kwa maelfu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalitaja wastani wa mizoga 6,250, sawa na tani 1,100. Mamba hula sehemu ndogo tu. Tai na korongo huchukua nyingine na kuipeleka mbali na mto. Nyama laini humalizika katika wiki chache na samaki hunufaika nayo, lakini mifupa huchukua miaka ipatayo 7 kuoza, ikitoa fosforasi kidogo kidogo na kuvikwa utando wa mwani na bakteria ambao samaki huukwangua.

Nakuru ina mfano mwingine, wa mtandao wa chakula uliosukwa upya na binadamu. Ziwa Naivasha, lenye maji yasiyo na chumvi, liliingiziwa samaki aina ya besi kutoka Marekani mwaka wa 1929. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliletwa mwaka wa 1970 na kufyeka mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji. Samaki aina ya kapu alionekana ziwani kuanzia mwaka wa 2001 na kwa miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu, huku akivuruga tope la chini anapotafuta chakula. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hilo hajaonekana tangu miaka ya 1960. Mafunjo ya kandokando, ambayo yalikuwa yakichuja virutubishi vya mito inayoingia, yamepungua sana.

Maji ya Keringet yanayoelekea magharibi hayapiti Naivasha. Katika Itare, sehemu za Kuresoi, ujenzi wa bwawa kubwa lililokusudiwa kupeleka maji Nakuru ulizinduliwa mwaka wa 2017 na kukwama mwaka uliofuata. Mradi huo ulizua ubishi juu ya nani angepungukiwa na maji huku chini. Lililozungumziwa kwa nadra ni kwamba bwawa huzuia pia tope, majani na chembe za chakula, na nyuma ya ukuta wake mto huwa ziwa, lenye mwani wake na wadudu wa aina nyingine.

Mto Sondu huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Winam, ambako fosforasi na naitrojeni kutoka nyanda za juu hukutana na zile za miji, na ambako gugumaji lilitanda kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990. Ghuba hiyo ndiko anakotoka ningu, samaki ambaye zamani aliwategemeza wavuvi wa mitoni kabla nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito kumpunguza kuanzia katikati ya karne ya 20. Mvua ya masika inapoanza, ningu waliosalia huliacha ziwa na kupanda mto kutaga mayai katika kingo zilizofurika, wakiogelea kupingana na maji ya hudhurungi yaliyobeba udongo wa mashamba ya Mau.